Vichwa Viwili Juu ya Mtungi Mmoja

Chelagat alipoteza uwezo wa kusikia harufu mwezi wa Juni. Homa ilimshika, akalala, akatoka jasho, akapona. Alipoamka nyumbani kwake mtaa wa Section 58, Nakuru, na kufungua chupa ya chai, chai haikuwa na harufu. Akakata kitunguu, hakusikia kitu. Akawasha kijiti cha kibiriti, akakizima, akauinamia moshi. Macho yalitoa machozi lakini pua ilinyamaza.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kulalamikia tu. Chelagat lakini alikuwa mnusaji wa maziwa.

Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha maziwa pale mjini. Kila mtungi ulioshuka kutoka Molo, Njoro na Elburgon ulifunguliwa kifuniko mbele yake, naye akaingiza pua kabla hewa ya ndani haijatoroka. Spiriti ilikuwepo ya kupima maziwa yaliyochacha. Kipimo cha kugundua maji kilikuwepo pia. Hakukuwa na chombo cha kugundua mafuta ya taa, moshi, au ndoo iliyooshwa kwa dawa. Hiyo ilikuwa kazi ya pua, na pua ya kiwanda ilikuwa ni yake. Akisema "shusha," maziwa yanamwagwa kwenye tangi. Akisema "rudisha," hata mwenye kiwanda hakubishana.

Daktari alimwambia bila kuzunguka.

"Ni virusi vya homa. Vimeharibu pale juu puani, mahali harufu inaposikika."

"Itarudi?"

"Kwa wengine hurudi baada ya wiki. Wengine miezi. Wengine hairudi."

"Dawa?"

"Hakuna dawa ya kukuhakikishia. Nusa limau, karafuu, waridi na mkaratusi, asubuhi na jioni. Hata kama husikii, endelea kunusa."

Chelagat alimwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa mchumba wake.

Mchumba wake aliitwa Jamleck. Walikuwa wamekutana Kikopey, penye vibanda vya nyama choma, mwaka uliotangulia, Jumapili ya jua kali, wakati mabasi yamejaa kando ya barabara na moshi wa nyama umefunika mabati yote. Chelagat alikuwa na binamu zake, wametoka harusini. Alivaa gauni la manjano lililombana kiunoni na viatu vyeupe ambavyo alikuwa amechoka kuvikinga na vumbi. Jamleck alikaa peke yake, jaketi la ngozi begani, kipande cha kwanza cha mbuzi tayari mkononi.

"Boss, usiile hiyo," Chelagat alimwambia akipita.

Jamleck alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kama unataka kipande, sema tu. Sina roho mbaya."

"Mbuzi huyo ni wa juzi. Wamempaka limau kuficha."

"Umeonja saa ngapi?"

"Sijaonja. Nimepita tu."

Mchomaji aliitwa, akaapa kwa mama yake, akabishana, kisha akaondoa sahani na kuleta nyingine bila kuulizwa tena. Jamleck alicheka mpaka jaketi likaanguka.

"Na mimi je, mrembo? Nanukia nini?"

Chelagat aliinama kidogo. "Dizeli. Sabuni ya kipande. Na maziwa ya jana, yamekukaukia kwenye kiatu cha kushoto."

"Woi! Huyu ni mchawi!" Jamleck alitazama kiatu, na kweli. "Nipatie namba yako kabla hujajua na dhambi zangu."

Wakati huo Jamleck alikuwa akipeleka maziwa kwenye hoteli kwa pikapu. Baadaye alipata kazi ya kuleta maziwa ya wafugaji wa Molo pale kiwandani, na siku yake ya kwanza Chelagat alimrudishia mitungi miwili mbele ya madereva wote.

"Hata mimi, babe?" alinong'ona.

"Jioni ni jioni. Hapa ni maziwa."

Madereva walimcheka wiki nzima. Yeye alitembea kifua mbele. Aliwaambia kwamba akioa mwanamke kama huyo hataibiwa na mtu yeyote maishani.

Ndiyo sababu Chelagat hakumwambia. Jamleck alikuwa mleta maziwa. Kumwambia mleta maziwa kwamba mnusaji hana pua ni kama kumwambia mwizi kwamba mbwa amekufa. Hata kama yeye ni mwaminifu, ana marafiki, ana mdomo, na siku moja atakuwa na mtungi wenye shaka. Akaona ni afadhali asimjaribu mtu anayempenda.

Aliyeambiwa ni Micah, kijana mrefu mwenye pengo aliyepima maziwa kwa spiriti akiwa amesimama bega kwa bega naye. Micah alikuwa na mke na mtoto mchanga Njoro. Chelagat ndiye aliyemfundisha kazi.

"Nitakuwa pua yako mpaka yako irudi," Micah alimwambia. "Lakini ikijulikana, tutafukuzwa wawili."

Wakapanga hivi. Kifuniko kikifunguliwa, wote wawili wanainama pamoja, Chelagat kwa kujifanya, Micah kwa kweli. Kisha Micah anamnong'oneza sikioni neno moja, "safi" au "mbaya," na Chelagat anainua kichwa na kutoa hukumu kwa sauti ile ile ya zamani.

Jamleck, akiwa kwenye foleni na mikono mfukoni, aliona vichwa viwili juu ya mtungi mmoja. Aliona midomo ya Micah kwenye sikio la mchumba wake. Kwenye mtungi wa kwanza alivumilia. Alipofika mtungi wa ishirini shingo yake ilikuwa imepata moto.

Kui, mama muuza chai wa pale langoni, alimwongezea kuni.

"Jamleck, mahari ya huyo utalipia watu wawili. Micah ni nyongeza."

"Ni wafanyakazi, Kui."

"Mimi pia ni mfanyakazi. Mbona hakuna anayeninong'oneza?"

Siku iliyofuata Jamleck alimpigia Chelagat simu akiwa Molo, pikapu ikinguruma na ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi.

"Sasa, mrembo."

"Poa, mpenzi. Umefunga sweta?"

"Nimefunga. Chela, jana nikija kwako nilijipaka ile kolonya mpya. Hukusema kitu."

"Ilikuwa nzuri."

"Ilinukia nini?"

"Jamleck, niko kazini."

"Wewe ulisikia maziwa kwenye kiatu changu Kikopey. Niambie ilinukia nini."

"Ilinukia... mwanamume aliyejipanga."

"Sikuwa nimejipaka chochote," Jamleck alisema, akakata.

Alisimama kando ya barabara na simu mkononi, baridi ikimkata masikio. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa wazi. Mwanamke anayekupenda anakunusa. Mwanamke aliyeacha kukunusa ana mtu mwingine wa kumnusa.

Jumapili alimtembelea, na harufu ya manukato ilimpokea kwenye ngazi kabla hajabisha. Chelagat alifungua mlango akiwa na gauni la zambarau, nywele zimesukwa upya, na shingo imeng'aa kwa mafuta. Alikuwa mzuri kiasi cha kumuumiza mtu.

"Hayo manukato yote ni ya nani?"

"Yangu. Karibu ukae."

"Zamani ulijipaka tone moja nyuma ya sikio. Siku hizi mtu anakusikia akiwa stendi."

Chelagat alishika shingo yake. Mtu asiyejisikia harufu huogopa kwamba ananuka. Kila asubuhi alioga mara mbili, akajipulizia, kisha akahofia haitoshi, akajipulizia tena. Hangeweza kulisema hilo bila kusema lote.

"Hupendi?" aliuliza.

"Nauliza anayependa ni nani."

"Jamleck, usianze."

"Micah anapenda?"

"Micah ana mke!"

"Hata mimi nitakuwa na mke. Sijui tu atakuwa wa nani."

Nyuma ya Chelagat moshi ulikuwa ukitambaa kutoka jikoni. Maharagwe yalikuwa yameungua mpaka sufuria ikageuka nyeusi. Jamleck alimpita mbio, akazima gesi, akaitupa sufuria kwenye sinki, akageuka na macho mekundu.

"Nyumba inaungua na wewe umesimama tu! Akili yako iko wapi? Iko Njoro?"

Chelagat alianza kucheka kwa sababu kulia kungemlazimu aeleze. Hakukuwa na wakati mbaya zaidi wa kucheka. Jamleck alichukua jaketi lake na kuondoka bila kuaga.

Jumatatu aliingia katika ofisi ya Pradeep, msimamizi wa ubora, mtu mpole wa mashati yaliyopigwa pasi ambaye hakupenda kelele.

"Bwana Pradeep, mimi si mtu wa maneno," Jamleck alisema, na kama ilivyo kwa wote wanaoanza hivyo, maneno yalimwagika. Alisema Micah na Chelagat wanashikana kwenye jukwaa la kupokelea maziwa. Alisema foleni inachelewa, wafugaji wanalalamika, kila mtungi unapimwa kwa mapenzi. Jina lake lisitajwe, tafadhali.

Pradeep alisimama dirishani asubuhi moja, akaona vichwa viwili, akaona mnong'ono. Ijumaa Micah alipewa uhamisho wa kwenda kituo cha kupokea maziwa Gilgil, kuanzia Jumatatu.

"Sema ukweli sasa," Micah alimwambia Chelagat akivua koti lake jeupe. "Waambie unaumwa."

"Wakijua hata wewe utafukuzwa."

"Basi omba likizo."

Aliomba. Pradeep akasema hakuna wa kushika nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi. Chelagat angeweza kusema neno moja pale mezani na mambo yangeishia hapo. Hakulisema. Alikwenda nyumbani akanusa limau mpaka pua ikawasha, na akajiambia kwamba huenda Jumatatu itakuwa imerudi.

Jumatatu hiyo Jamleck alikimbiza pikapu kama mtu anayewahi harusi yake. Kwa kawaida alifungua kila mtungi pale kwa mfugaji na kuunusa mwenyewe, maana mtungi ukirudishwa hasara ni yake. Siku hiyo alitaka kufika wa kwanza aone jukwaa bila Micah. Mzee mmoja wa juu ya Molo, ambaye mtungi wake ulikuwa umetoboka, alikuwa ametumia ule aliochanganyia dawa ya kupe. Ameusuuza, akasema. Jamleck alikuwa ameshaupakia kabla mzee hajamaliza kusema.

Alimkuta Chelagat peke yake ndani ya koti jeupe na gambuti, kitambaa cha buluu kichwani, uso umekonda. Moyo wake ulipoa.

"Leo umependeza," alimwambia.

"Fungua."

Akafungua. Chelagat aliinama juu ya mtungi, akavuta pumzi, akakuta hewa tupu. Akavuta tena. Akainua macho na kumtazama Jamleck, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mleta maziwa yeyote.

"Babe," alisema polepole, "maziwa yako sawa?"

Jamleck alidhani ni mapenzi yamerudi. Alisimama upande ambao upepo haukumletea kitu, na alikuwa na furaha, akatabasamu meno yote.

"Safi kama wewe."

"Shusha," akasema Chelagat.

Kabla ya saa sita wapakiaji walikuwa wameziba pua. Tangi zima lilinuka dawa. Pradeep aliwaita wote waliohusika jukwaani, madereva wakajipanga ukutani, hata Kui akaacha birika lake akaja. Pradeep alimshikisha Chelagat gilasi ya maziwa.

"Inanuka nini?"

Chelagat aliishika gilasi chini ya pua. Watu wengine, waliosimama mbali, walikuwa wamekunja nyuso.

"Nimeuliza inanuka nini, Chelagat. Hata mimi ninaisikia hapa nilipo."

"Sisikii," alisema. "Sijasikia chochote tangu Juni. Nilishikwa na homa, ikaondoka na pua yangu. Micah ndiye aliyekuwa ananisaidia kunusa. Hakuna kingine kilichokuwepo kati yetu."

Jamleck alihesabu upya. Kolonya. Manukato. Maharagwe. Kila kitu alichokishikilia kama ushahidi kilimgeukia.

Alimkuta langoni, amevua koti, amebeba gambuti zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Chela. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu unaleta maziwa."

"Ulidhani nitakuuzia maziwa mabaya?"

"Nilijiambia sitaki kukujaribu. Leo nimekujaribu. Nilikuuliza kama maziwa yako sawa."

Jamleck akaona afadhali amalize yote mara moja.

"Mimi ndiye niliyemsema Micah kwa Pradeep."

Kui, aliyekuwa akimimina chai, alisahau kuacha kumimina, ikamwagika mezani.

"Ungeniuliza mimi," Chelagat alisema.

"Nilikuuliza."

"Ulinitega. Ulinipigia simu ukaniwekea mtego wa kolonya. Kuuliza ni kitu kingine."

Akaenda zake, na kwa wiki nyingi hakupokea simu.

Jamleck alisafiri hadi Gilgil kumtafuta Micah. Kesi ilikuwa imemfikia na huko. Ameachishwa, anashusha mizigo kwenye duka la jumla karibu na barabara kuu. Alimsikiliza akiwa na gunia la unga begani, hakulitua.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Sawa. Nimesikia. Siku moja nitakusamehe, lakini leo nina mzigo." Akapita nao. Kisha akageuka. "Nenda kwake. Mimi nilikuwa ninamhurumia tu. Yeye alikuwa akikuongelea wewe kutoka mtungi wa kwanza hadi wa mwisho, mpaka nikachoka na jina lako."

Alikwenda. Chelagat alifungua mlango akiwa na leso kiunoni na uso usio na kitu chochote. Mezani kulikuwa na vikombe vinne: limau, karafuu, maua ya waridi, majani ya mkaratusi.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusaidia. Funga macho nikupe."

"Nani amekuambia nafunga macho?"

"Nimemwuliza daktari. Niliuliza, sikutega."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akauzuia. Alikaa, akafumba macho. Jamleck alisogeza kikombe.

"Hakuna," Chelagat alisema.

Kingine. "Hakuna."

Cha tatu kilimfanya akunje uso. "Hii inanuka mpira ulioungua!"

"Ni karafuu."

"Karafuu hainuki hivyo."

"Lakini imenuka!"

Wakatazamana. Daktari alikuwa amesema pua ikianza kurudi huja imepinda, inachanganya vitu. Jamleck alipiga magoti pale pale kwenye zulia, si kwa mpango, ila miguu ilimtangulia.

"Nioe tu hivyo hivyo nilivyo mjinga," alisema.

"Anayeoa ni wewe, Jamleck."

"Basi nikuoe."

"Nina sharti. Nikipata kazi nyingine, hufiki mahali ninapofanyia kazi. Kunileta, kunichukua, kunisalimia, yote hapana. Sitaki kuinua kichwa nikakuona ukihesabu watu waliosimama karibu nami."

"Hata siku ya mvua?"

"Hata mvua ya mawe."

Akakubali, na akakubaliwa.

Hivi ndivyo walivyolipa. Maziwa ya tangi moja, jasho la wafugaji karibu mia, yalimwagwa kwenye mtaro. Chelagat alipoteza kazi aliyoifanya miaka tisa, na hakuna kiwanda kingine kinachoajiri mnusaji ambaye karafuu kwake ni mpira. Jamleck alipoteza njia ya Molo. Sasa anabeba mchanga na kokoto. Yule mzee wa juu ya Molo alikatazwa kuleta maziwa, akauza ng'ombe wake wawili. Micah alipoteza kazi akiwa na mtoto mchanga, na hakuja harusini. Alialikwa mara mbili.

Chelagat anauza sare za shule katika duka moja mjini, pamoja na vijana wawili wa kiume wanaomsaidia kupima wanafunzi. Jamleck anawajua kwa majina tu. Jioni husimamisha pikapu barabara ya nyuma, mahali ambapo mlango wa duka hauonekani, na kumngoja huko.